Kutwa Mara Moja

Nesi Ndeshi wa kliniki ya presha, Temeke,
aliandika vidonge kama kawaida, kutwa mara moja,
kisha akageuza cheti, akaongeza nyuma kwa kalamu:
kaa dakika tano alfajiri, uwatakie watu heri.
Nikamwuliza, hiyo inauzwa duka gani?
Hakucheka. Akasema, anza na nafsi yako.

Sasa mimi ni muuza spea wa Gerezani.
Miaka ishirini na sita nimetaja bei, nimepunguza bei,
nimeapa kwa jina la mama kwamba beringi hii si feki.
Kujitakia heri sijawahi.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda, Tandika bado giza,
pampu ya jirani ikikoroma,
nikasema, Niwe salama. Niwe na amani.
Nikaona haya peke yangu,
kama mtu aliyejipigia simu
akakuta namba inatumika.

Siku ya tatu nikajiruka, nikaenda kwa Siwema.
Huyo ni rahisi. Mwanangu, yuko Tunduma, ana mimba ya kwanza.
Nilipomtaja, kitu kifuani kikalegea,
kama nati yenye kutu ikionja mafuta,
na katika ulegevu uleule nikajipenyeza,
harakaharaka, moyo usije ukashtuka:
na baba yake pia, awe salama.

Kisha, alisema nesi, mtu usiyempenda wala kumchukia.
Nikamchagua yule mzee wa choo cha kulipia,
anayekata karatasi vipande vinne vinne
na kuvibana chini ya jiwe visipeperuke.
Wiki mbili namtakia heri "mzee wa chooni".
Ikaniwasha. Utamtakiaje mtu mema
na jina lake ni mahali anapokaa?
Nikalipa mia mbili, haja sina, nikamwuliza.
Lukindo, akasema. Wa Lushoto. Kwani kuna tatizo?
Nikasema hakuna.
Tangu hapo akiniona husogeza ndoo nikalie,
tunazungumza magoti, bei ya mkaa,
ukungu wa kwao ambao hajauona mwaka wa saba.
Nikirudi dukani nagundua
sijamfokea kijana wangu tangu asubuhi.
Sisemi ni dua, sisemi ni dawa.
Nasema nilivyoona.

Kizito nilimwacha kiporo.
Mshirika wangu wa zamani,
aliyeondoka na daftari la wateja
akafungua duka mkabala, mlango kwa mlango,
akalipaka bluu ileile ya kwetu.
Miaka mitatu hatusalimiani.
Alfajiri ya kwanza nilipomtaja, meno yaliumana.
Kizito awe... nikaishia hapo.
Kesho yake: Kizito awe salama, lakini alipe.
Nesi akasema, toa "lakini".
Nikaitoa. Ikarudi. Kama gia iliyolika,
unaiweka tatu, inaruka.

Vipimo vya mwezi huu: mia na arobaini kwa tisini na mbili.
Bado, kasema nesi, ila si kama ile ya Januari.
Ni vidonge au ni zile dakika tano?
Akainua mabega, akaita mgonjwa mwingine.

Juzi mchana, wateja hakuna, jua limelala juu ya mabati,
nikasikia kikohozi ng'ambo.
Kikavu, kirefu, mwishoni kinapiga mluzi.
Kikohozi kile nakijua,
miaka ile nilikilipia dawa mara mbili.
Mkono ukaacha kuhesabu boliti.
Mguu, sikuutuma, ukafika kizingitini.
"Kizito! Hicho kifua vipi?"
Akageuka, akatazama ndani ya duka lake,
kana kwamba yumo Kizito mwingine.